Tuandikishe Kwanza, Ndipo Tuonyeshe

Vijana wa taifa hili wanahimizwa kila uchao wabuni, wavumbue na waanzishe viwanda vidogo vidogo vya kusindika mali ya nchi yao. Wito huo ni wa haki, nasi tunauunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo liko jambo ambalo halina budi kutangulia, na ambalo aghalabu husahauliwa mpaka maji yamekwisha kumwagika. Jambo lenyewe ni hataza.

Yafaa tueleze tangu mwanzo hataza ni nini, kwa kuwa neno hili bado ni geni masikioni mwa wengi. Hataza ni hati ambayo serikali humpa mvumbuzi, nayo humpa haki ya kuwazuia watu wengine kuutengeneza, kuutumia au kuuuza uvumbuzi wake bila ya ridhaa yake, kwa muda maalumu ambao katika nchi nyingi ni miaka 20. Kwa upande wake mvumbuzi hulazimika kuueleza uvumbuzi huo kinaganaga kwa maandishi, ili mjuzi wa fani hiyo akisoma aweze kuufuata. Muda ukiisha, huwa mali ya watu wote. Kwa hiyo hataza ni mapatano baina ya mtu na taifa: huyu anatoa siri yake, na huyu anatoa ulinzi.

Mapatano hayo yana sharti moja zito. Uvumbuzi sharti uwe mpya siku ombi linapopelekwa. Ukiwa umekwisha kuchapishwa, kuuzwa au kuonyeshwa hadharani kabla ya siku hiyo, hata kama aliyeuonyesha ni mvumbuzi mwenyewe kwa furaha yake, upya wake umekwisha na haki imepotea. Sheria huacha misamaha michache, lakini hakuna mwenye busara atakayejenga nyumba yake juu ya misamaha.

Msomaji wetu wa Mbwera, ambaye humlazimu kungojea maji yajae ndipo chombo chake kipite, ana haki ya kuuliza: hayo yanatuhusu nini sisi watu wa visiwani? Tunamjibu kuwa yanamhusu kuliko anavyodhani.

Delta ya Rufiji ina mikoko ipatayo hektari 53,000, na maji yake ni mojawapo ya mazalio makubwa ya kamba katika pwani nzima ya nchi yetu. Kamba huliwa, huuzwa na hukaushwa; ganda lake hutupwa. Katika ganda hilo mna dutu iitwayo kitini, ambayo Mfaransa Henri Braconnot aliitambua kwanza katika uyoga mwaka 1811. Kitini ikichemshwa katika kostiki soda kali huzaa kitosani, na kitosani ni kitu cha thamani. Husafisha maji machafu kwa kuyashikamanisha matope yake yakazama chini. Hukinga mimea dhidi ya ukungu. Hutiwa katika bandeji za kuzuia damu isitoke. Ganda tunalolitupa ufuoni likanuka, wenzetu wa nchi nyingine hulinunua kwa tani.

Sasa tazameni mahali penye tatizo. Njia ya zamani ya kutoa kitosani hutumia asidi kali kuondoa chokaa ya ganda, kisha kostiki soda kuondoa nyama iliyobaki, kisha kostiki soda tena iliyo kali zaidi, na katika kila hatua maji mengi ya kusuuzia. Mtu akijenga kiwanda cha namna hiyo kando ya mkondo wa Mbwera na kuyamwaga maji yake humo, atawaua kamba wenyewe wanaompa maganda. Ndiyo maana wanakemia wa leo wanazungumzia kemia ya kijani, yaani kemia inayojizuia kuzaa taka na sumu tangu mwanzo badala ya kungoja kuzisafisha baadaye. Wamarekani wawili, Paul Anastas na John Warner, waliiwekea kanuni 12 katika kitabu chao cha mwaka 1998, na miongoni mwa kanuni hizo ni kutumia malighafi inayozaliwa upya, na kuchagua vitu visivyodhuru viumbe wala maji. Watu wa delta hawahitaji kufundishwa sababu ya kanuni hizo. Mwaka 1997, serikali ilipouridhia mradi mkubwa wa mabwawa ya kufugia kamba katika delta hii, wananchi wengi waliupinga hadi mahakamani, kwa kuwa walijua mikoko ikienda na riziki imekwenda.

Nafasi ya uvumbuzi imo humo humo, katika kuibadili njia ile chafu. Kitosani chenyewe hakiwezi kuandikishwa na mtu leo, kwani kimejulikana tangu mwaka 1859. Kinachoweza kuandikishwa ni njia mpya ya kukitoa, au chombo kipya, au mchanganyiko mpya, au matumizi ambayo hayajapata kufikiriwa. Wako watafiti wanaochachusha maganda kwa bakteria badala ya asidi, na wako wanaotumia vimeng'enya. Mambo hayo kwa ujumla wake yamekwisha kuandikwa sana katika majarida, kwa hiyo kijana wa kwetu hatapewa hataza ya "kuchachusha maganda" tu. Lakini huenda akapewa hataza ya kuyachachusha kwa namna fulani, katika joto letu hili la pwani, kwa kitu fulani kinachopatikana visiwani, ikiwa matokeo yake ni bora na mjuzi wa fani hiyo hakuyatazamia. Wasomaji watatusamehe kama hatukitaji kitu chenyewe. Gazeti nalo ni tangazo, na tutakachokiandika hapa hakitaandikishwa tena na mtu yeyote.

Wasije wakasema tunaota. Iceland ni kisiwa cha wavuvi kilicho kaskazini ya mbali, na watu wake wote hawafiki laki nne na nusu. Katika mji mdogo wa wavuvi uitwao Ísafjörður ilianzishwa kampuni ya Kerecis, ikachukua ngozi ya samaki wa bahari ya baridi na kuiandaa kwa namna ambayo madaktari huweza kuifunika juu ya majeraha ili nyama iote. Njia hiyo iliandikishiwa hataza mapema, Marekani ikiwamo. Mwaka 2023 kampuni ya Coloplast ya Denmark ilikubali kuinunua Kerecis kwa bei inayoweza kufikia dola za Marekani bilioni 1.3. Mwenye kununua samaki hulipa kwa kilo. Mnunuzi huyu alilipia maarifa yaliyokwisha kuandikwa, kulindwa na kupimwa kwa wagonjwa.

Sisi hapa tuna historia nyingine. Enzi za utawala wa Wajerumani magome ya mikoko ya delta hii yalikatwa na kupakiwa melini kwenda ng'ambo, kwa kuwa yana dutu ya kulainishia na kuhifadhi ngozi. Wazee wetu walilijua gome hilo kabla ya mkoloni. Ndilo walilotilia rangi na kuimarishia nyavu na matanga. Lakini gome lilikwenda likiwa gome, na kiwanda kilijengwa kwingine. Baadaye yakaenda maboriti kwa majahazi hadi Arabuni na Ghuba. Leo mikoko ni msitu wa hifadhi na hatushauri mtu kuanzisha kampuni juu ya magome ya miti iliyo hai. Hataza haimpi mtu kibali cha kukata mti.

Korosho nayo inatendewa vivyo hivyo. Mkoa wa Pwani hulima korosho, na sehemu kubwa ya korosho ya Tanzania bado husafirishwa ghafi. Tunaposafirisha korosho ghafi tunasafirisha na ganda lake, na ndani ya ganda mna yale mafuta makali ambayo kila mtoto wa pwani aliyewahi kuchoma korosho anayajua kwa makovu ya vidole vyake. Mafuta hayo yana asidi ya anakadiki, na yakipashwa moto hutoa kadanoli, ambayo ni malighafi ya vanishi, gundi na breki za magari. Wanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Egid Mubofu na James Mgaya, wameyatafiti kwa miaka mingi pamoja na wenzao wa Ulaya na Afrika Kusini. Katika maabara za Scotland kadanoli ilifanywa hata kuwa dawa za binadamu, kwa mujibu wa makala yaliyochapishwa mwaka 2019. Ni kazi ya kujivunia. Swali letu kwa vyuo vyetu ni hili tu: je, kabla ya makala kupelekwa jaridani, hupita mikononi mwa mtu ambaye kazi yake ni kuuliza kama ndani yake mna kitu cha kuandikisha? Mwalimu hupandishwa cheo kwa makala aliyochapisha. Kama hakuna anayempandisha kwa hataza, atachapisha kwanza, na hatuwezi kumlaumu.

Inatupasa sasa tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna tulichokirithi na kuna tunachokibuni, na kila kimoja kina namna yake ya kulindwa. Tulichokirithi hakiwezi kuandikishwa na mtu mmoja, si kijana wa Mbwera wala profesa wa ng'ambo, kwa sababu si kipya. Kinalindwa kwa kuandikwa wazi, kwa tarehe, mahali ambapo mkaguzi wa hataza wa nchi yoyote atakiona. Tunachokibuni, kinyume chake, kinalindwa kwa kunyamaziwa mpaka siku ya kuandikishwa. Sisi kwa desturi yetu tumefanya kinyume cha yote mawili. Ya wazee tumeyaacha bila kuyaandika, na ya vijana tumeyatangaza kabla ya wakati.

Chukueni mwarobaini, mti ulio uani kwa kila mmoja wetu. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa kampuni ya W.R. Grace pamoja na Wizara ya Kilimo ya Marekani hataza ya kutumia mafuta ya mwarobaini kuua ukungu wa mimea. Mwaka uliofuata Vandana Shiva wa India na wenzake wakapeleka pingamizi. Lilishinda mwaka 2000 baada ya mwenye kiwanda wa India kutoa ushahidi kuwa jambo hilo lilikuwa likifanyika kwao zamani, na rufaa ikatupwa mwezi Machi mwaka 2005. Hesabuni wenyewe: takriban miaka 10 ya mawakili, ili kuthibitisha ambacho bibi yeyote wa Bara Hindi angeweza kukisema katika dakika moja. Manjano yalikombolewa upesi zaidi. Hataza ya Marekani ya mwaka 1995 juu ya kutibu vidonda kwa manjano ilifutwa mwaka 1997, kwa kuwa Wahindi walileta maandiko yaliyochapishwa, na miongoni mwayo makala ya jarida la madaktari la mwaka 1953.

Tofauti hiyo ya muda inafundisha. Kwa sheria ya Marekani ilivyokuwa hadi mwezi Machi mwaka 2013, jambo lililojulikana au kutumika katika nchi nyingine bila ya kuandikwa halikuhesabiwa kuwa limejulikana. Bibi wa Mbwera angeweza kulitumia miaka 60, na ofisi ya huko ikaandika kuwa ni jipya. Sheria hiyo imebadilishwa, lakini mkaguzi bado ni binadamu aliyeketi mezani. Husoma alichokipata mbele yake. Sisi tuliopita chuoni twaijua heshima ya elimu iliyohifadhiwa kifuani, lakini ofisi ya hataza haimwiti shehe wala mganga kuja kusoma kwa moyo. India ilielewa hivyo, na tangu mwaka 2001 imekusanya maarifa yake ya asili katika hazina ambayo wakaguzi wa nchi kadhaa huifungua. Afrika nayo ina Itifaki ya Swakopmund ya mwaka 2010, chini ya Shirika la Miliki Bunifu la Kanda ya Afrika, ARIPO, ambayo inahusu hasa maarifa ya jadi, na ilianza kutumika mwaka 2015. Na tarehe 24 Mei 2024 mataifa yalipitisha mjini Geneva mkataba unaomtaka mwombaji wa hataza ataje asili ya mimea, viumbe na maarifa ya jadi aliyotumia. Unahitaji kuridhiwa na nchi 15 ndipo uanze kutumika. Karatasi zipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuja visiwani na daftari, akaketi na wazee wanaojua matumizi ya mkandaa, mchu na mkomafi, akaandika kwa idhini yao na kwa majina ya vijiji vyao, na kuacha nakala kijijini.

Tuwaeleze na kisa cha jirani zetu wa Kenya, maana hicho ni cha kemia ya kijani hasa. Katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, Bogoria na mengineyo, huishi vijidudu ambavyo vimezoea maji makali yasiyovumilika kwa viumbe wengine. Mwaka 1992 mtafiti William Grant wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, alikusanya sampuli za vijidudu hivyo. Kampuni ya Genencor ikapata kutoka humo vimeng'enya, ikavichukulia hataza na kuviuza duniani kote. Kazi yake ni mbili: hutiwa katika sabuni ya unga, na hupausha nguo za jinzi, kazi ambayo zamani ilifanywa kwa kuzisugua na mawe. Ni uvumbuzi mzuri, tusiukatae uzuri wake, mazingira yamefaidika. Lakini Shirika la Wanyamapori la Kenya liliposimama kudai mgawo ilikuwa mwaka 2004, yaani miaka 12 baada ya chupa kuondoka. Chuo kilisema kilikuwa na vibali vya utafiti. Shirika likasema kibali cha utafiti si kibali cha biashara. Nani alikuwa na haki, tunawaachia wanasheria. Sisi tunaona tu kwamba pande zote mbili zilikuwa zikibishana juu ya karatasi ambayo haikuandikwa siku ile ilipopasa kuandikwa. Wakenya walijifunza. Mwaka 2007 shirika hilo hilo lilitia saini mkataba na kampuni ya Novozymes ya Denmark juu ya kutafiti vijidudu vya hifadhi zake, na humo mgawo wa mapato na mafunzo kwa Wakenya vilitajwa mapema.

Matope ya mikoko yetu nayo yamejaa vijidudu vinavyostahimili chumvi, joto na ukosefu wa hewa. Mtafiti akija na chupa na kibali chake mkononi, mwenyekiti wa kijiji ampokee kwa heshima, amkirimu, kisha aombe nakala ya kibali na asome kama kinasema lolote juu ya biashara. Kama hakisemi, aandike barua wilayani kabla ya chombo kuondoka. Hayo si uadui wa elimu.

Turejee kwa kijana mwenye uvumbuzi wake, maana ndiye tunayemhofia zaidi. Njia yake ya kawaida ni hii: akishafanikiwa, Afisa Maendeleo husikia, humpeleka wilayani, kisha mkoani, kisha Nane Nane au Saba Saba, au katika mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, MAKISATU, ambayo yamekuwepo tangu mwaka 2019. Hapo husimama mbele ya meza, akaulizwa na wageni umefanyaje, naye kwa adabu aliyolelewa nayo akaeleza yote, hatua kwa hatua. Wapo wanaopiga picha. Jioni hupewa cheti na kupigiwa makofi. Kama hajaandikisha, cheti hicho ndicho ushahidi wa tarehe ambayo haki yake ilipotea. Hakuna aliyemkusudia ubaya. Kila mmoja katika msururu huo alitimiza wajibu wake na ripoti yake ikaandikwa vizuri.

Dawa yake si ngumu wala haigharimu mamilioni. Ombi la kwanza lipelekwe BRELA, ambao ndio wakala wa serikali wa kusajili hataza kwa Sheria ya Hataza ya mwaka 1987. Yafaa vijana wajue kuwa kabla ya sheria hiyo mtu wa nchi hii ilimpasa kwanza apate hataza ya Uingereza, ndipo aje kuiandikisha Dar es Salaam. Hivi ndivyo tulivyokuwa bado tumefungwa zaidi ya miaka 20 baada ya Uhuru. Ombi likishapokelewa na kupewa tarehe, mlango wa maonyesho uko wazi. Kwa Mkataba wa Paris mvumbuzi ana miezi 12 tangu siku hiyo ya kupeleka ombi lake katika nchi nyingine, huku akihesabiwa kwa tarehe yake ya kwanza. Katika miezi hiyo aonyeshe, atafute mshirika, apime kama kitu chake kinanunuliwa. Asipopata mnunuzi, hajapoteza ila ada ndogo ya nyumbani.

Akimpata, achague. Hataza hulinda katika nchi ilipotolewa tu, na hapana hataza ya dunia nzima. Anayetaka soko la nchi za Afrika wanachama anaweza kupeleka ombi moja ARIPO, Harare, kwa Itifaki ya mwaka 1982. Anayetazama mbali zaidi atumie Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, ambao Tanzania iliingia mwaka 1999, unaomwahirishia uamuzi wa nchi hadi mwezi wa 30. Na hapa liko jambo ambalo wachache wanalijua: mwombaji aliye raia na mkazi wa nchi iliyomo katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni kabisa, na nchi yetu ingalimo, hupunguziwa ada kadhaa za mkataba huo kwa asilimia 90. Ada ya wakala haipunguzwi, tuseme kweli, na kila nchi atakayoingia ina ada za kila mwaka ambazo zisipolipwa hataza hufa. Kwa hiyo kampuni changa isijitie katika nchi 30 kwa kujionyesha. Iangalie nchi mbili au tatu: pale mshindani anapoweza kutengeneza, na pale mnunuzi alipo. Mwenye kitosani ataitazama Asia, kwani huko ndiko kamba wanakosindikwa kwa wingi. Na akiuza Unguja na Pemba akumbuke kuwa hataza si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2008 na ofisi yake yenyewe. Ndugu zetu wa Mafia wako chini ya sheria ya Bara kama sisi.

Si kila kitu kiandikishwe. Ndugu Askwar Hilonga, mhandisi wa kemia wa Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Arusha, alishinda mwaka 2015 tuzo ya kwanza ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000, kwa kichujio chake cha maji kiitwacho Nanofilter. Kichujio hicho huunganisha mchanga na chembe ndogo mno, na huandaliwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali, pengine floraidi, pengine metali nzito. Katika kazi ya namna hiyo, kwa maoni yetu, kuna sehemu ambayo mshindani akiinunua bidhaa na kuifungua ataiona; hiyo yafaa kuandikishwa. Na kuna sehemu iliyo mkononi mwa fundi, kipimo na subira, ambayo haionekani kwa kufungua. Hiyo yaweza kubaki siri ya karakana miaka mingi kuliko hataza yoyote, maadamu walioajiriwa wametia saini ya kutoitoa. Jina nalo liandikishwe kama alama ya biashara, jambo la bei nafuu na lisilo na mwisho kama ada yake inalipwa.

Wako ndugu zetu ndani ya Chama watakaotupinga. Watasema hataza ni silaha ya matajiri, kwamba elimu ni mali ya umma, na kwamba Shirika la Biashara Duniani limezipa nchi kama yetu nafasi hadi tarehe 1 Julai 2034 ya kutolazimika kuzitii kanuni zake za miliki bunifu; kwa nini basi tujifunge wenyewe? Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Sisi pia hatupendi kuona nchi hii ikikesha kulinda hataza za wageni juu ya dawa na mbegu, na nafasi hiyo tuitumie mpaka siku yake ya mwisho. Lakini nafasi hiyo inahusu wajibu wetu hapa nyumbani. Haimlindi kijana wa Mbwera huko ng'ambo, ambako kitu chake kitachukuliwa na kuandikishwa nyongeza yake na mtu mwingine. Kama tunaogopa utajiri wa mtu mmoja, iko njia: ombi liandikishwe kwa jina la ushirika, kijiji kiwe na hisa, na mvumbuzi apate fungu lake kwa mkataba. Kampuni changa ambayo maganda yake hutoka kwa wavuvi 200 ingefanya hivyo hata bila kuhimizwa, kwa kuwa mvuvi asiye na fungu ataliuza ganda kwa atakayemzidishia shilingi 50.

Tunaomba basi mambo matatu kwa wahusika. COSTECH na wizara inayosimamia MAKISATU waweke sharti kwamba hakuna uvumbuzi wa kikemia utakaopelekwa mbele ya waamuzi wala umma bila ya stakabadhi ya ombi kutoka BRELA, au barua ya mvumbuzi kwamba ameelezwa na amechagua kutoandikisha. SIDO, ambayo tangu mwaka 1973 kazi yake ni viwanda vidogo, imteue afisa mmoja katika Mkoa wa Pwani anayejua kuandika madai ya hataza, maana ombi lililoandikwa vibaya hulinda hewa. Na Halmashauri ya Wilaya ya Kibiti itenge katika bajeti yake ada za maombi machache kwa mwaka, yaanze na vijiji vya visiwani, ambako nauli ya boti na basi hadi Dar es Salaam huweza kuipita ada yenyewe. Maombi hupelekwa siku hizi kwa mtandao, hilo twalijua. Twajua pia mtandao unavyopatikana Mbwera wakati wa masika. Afisa huyo aje na kompyuta yake, afuate maji ya bamvua, na akae siku mbili.